Zahanati Inayongoja Cheo Kitulie

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Nchi,
Ikulu.

YAH: KUKUOMBA UTUPISHE KITI, KWA HESHIMA ZOTE

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umeketi. Hapo ulipoketi ndipo penye shida yangu, lakini nitafika huko taratibu, maana nimelelewa vizuri.

Mimi ni fundi mwashi. Katika jimbo letu mimi ndiye ninayechonga yale mawe ya ufunguzi yanayobandikwa ukutani, yenye jina la mgeni rasmi na cheo chake. Zahanati yetu imekamilika tangu mwaka juzi: vitanda vimo, mizani ya watoto imo, na muuguzi tumeletewa. Ila ina kufuli mlangoni, kwa kuwa jengo halitumiki mpaka mbunge wetu aje akate utepe na kufunua jiwe. Na mbunge wetu, Mheshimiwa, wewe humwachi atulie. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilipomaliza jiwe la kwanza, lililoandikwa "Mbunge", ukamteua kuwa naibu waziri. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Katibu wake akapiga simu kusema bosi hawezi kufunua jiwe linalomshusha hadhi; nichonge jingine, naye atakuja akishaizoea ofisi mpya.

2. Hakuizoea. Ukampa uwaziri kamili. Jiwe la "Naibu Waziri" sasa liko kwa mama mkwe wangu, analitumia kufulia nguo. Anasema herufi zake zinatoa uchafu wa kola kuliko brashi, na amewatangazia majirani kwamba hiyo ndiyo huduma pekee aliyowahi kuipata kutoka serikalini.

3. Jiwe la "Waziri" lilikuwa bado limefunikwa kitambaa ukutani ulipomwongezea wizara ya pili. Cheo kikawa kirefu kuliko jiwe. Nilimwomba katibu tufupishe, akaniuliza kama nina matatizo na serikali. Sina. Nina matatizo na nafasi.

4. Muuguzi anapima watoto barazani, nje ya mlango uliofungwa, kwa mizani aliyoazima kwa muuza viazi. Juzi mtoto wa jirani alisomeka mzito kuliko baba yake. Mizani ya muuza viazi ina tabia zake, na sote tunazijua.

5. Hili ndilo linaloniuma hasa. Mkamwana wangu ana mimba ya kwanza, na miguu imemvimba. Hospitali ya wilaya iko mbali, na mvua ikinyesha barabara haipitiki. Nimemwona mwanangu akienda kuchungulia dirishani kile kitanda cha kujifungulia, ambacho bado kina nailoni yake, kisha anarudi nyumbani. Mimi ni mtu wa utani, Mheshimiwa, lakini hapa naogopa kweli.

Nimewaza sana. Kukuomba umshushe cheo siwezi. Ndugu zake tunakaa nao mtaa mmoja na wana maneno. Kumwomba aje hivi hivi, tumeomba. Alipokuja kumzika shangazi yake alipita mbele ya zahanati akatupungia mkono, na kioo cha gari hakikushuka. Njia iliyobaki ni kumpandisha mpaka vyeo viishe. Na juu yake, nikihesabu vizuri, kimebaki kimoja tu, nacho ni chako.

Tunachoomba ni wiki moja. Utatupisha, ataapishwa, nitachonga jiwe ambalo haliwezi kupitwa, atakata utepe, kisha utarudi kazini. Kiti tutakurudishia kikiwa kisafi. Kama wiki ni nyingi, hata mchana mmoja utatosha, ilimradi muuguzi awe zamuni.

Wasalimie mama na watoto, walinzi wako, na huyo anayekusomea barua. Mwambie asiiruke namba tano. Mama mkwe naye anakusalimu, mikono imejaa povu.

Ni mimi raia wako asiye na kinyongo,
Fundi Mawe

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, redio imetangaza kwamba umempa cheo kingine, kirefu kuliko vyote, na katibu wake ameahirisha tena. Habari hiyo ilitukuta barazani kwa muuguzi, mkamwana wangu akiwa ameshashikwa na uchungu. Nikachukua nyundo, nikavunja kufuli. Muuguzi aliingia wa kwanza, akatufukuza wanaume wote. Ni mtoto wa kike, mzima, na mama yake mzima, nami nimelia mbele za watu bila aibu yoyote. Kwa hiyo kaa tu kwenye kiti chako, Mheshimiwa. Na yeye mpandishe kadiri upendavyo. Zahanati imejaa watu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza imefunguliwa na nani.