Rambirambi Mia Tatu

Kumasi, Jumatatu, 11 Novemba

Dufie mdogo wangu, nisamehe. Uliniuliza tangu Agosti utegemee nini ukija kusomea uhandisi wa programu, nami kimya kama maji mtungini. Sababu ni Nhyira. Jino, kisha homa, kisha jino jingine. Barua ndefu siiwezi tena. Nimeamua kukuandikia shajara ya wiki hii, kila siku kidogo, Jumapili nimpe dereva wa basi la Sunyani akuletee. Usimsomee Mama.

Utegemee nini? Watu. Ulidhani utakaa peke yako na kompyuta yako? Mimi pia. Nilikuja huku kuwakimbia watu. Kumbe tunapangwa wawili wawili kama ng'ombe wa kulima. Mimi nimefungwa na Barnieh. Umri miaka kumi na tisa. Masikio yamefunikwa kwa muziki tangu asubuhi. Anaandika programu kama mtu anayekimbia mvua. Ananiita Mama Nhyira, kwa ile heshima ya kumsogeza mtu pembeni apishe njia.

Kazi yetu ni programu ya Madam Akyaamaa, anayekodisha viti na maturubai ya matanga. Mfiwa anaagiza viti, programu inaandika, kisha inamtumia ujumbe mmoja wa rambirambi na kumthibitishia Jumamosi yake ya matanga. Basi. Si roketi.

Leo pigo. Mwalimu wetu, Dokta Amponsem, mama ambaye darasani tunamwita Madam tu, ametangaza kwamba Ijumaa kila wawili wataonyesha kazi yao, na alama za kila mtu atazisoma ghalani. Ghala ni pale mtandaoni tunapoiweka programu sote. Kando ya kila mstari limeandikwa jina la aliyeugusa mwisho. Akasema safari hii hakuna kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzio. Alikuwa akinitazama mimi. Au nilihisi hivyo.

Nikaenda kuangalia. Barnieh: kila kitu. Mimi: mistari tisa. Miwili kati ya hiyo inaahidi kwamba nitarudi kuandika.

Nikianguka somo hili, narudia mwaka. Na mama mkwe amekubali kumlea Nhyira mchana mpaka mwaka huu uishe, hapo basi. Mume wangu yuko migodini Tarkwa, hana la kusaidia ila kupiga simu. Kwa hiyo kurudia mwaka ni kuacha chuo. Nakwambia kama ilivyo.

Jumanne, 12 Novemba

Mpango wa kwanza: uaminifu. Nikamwendea Barnieh, nikamwomba kazi.

Akatoa sikio moja nje. Akaniambia nipumzike tu, mimi tayari nina mtoto. Nikamwambia mtoto si ugonjwa. Akafikiri. Akasema basi sawa, kuna kitufe.

Kitufe! Rangi ya kitufe cha kuagizia viti. Mstari mmoja. Lakini mwenye njaa hachagui kijiko. Nikakipaka nyekundu, ukingo mweusi, kama nguo zetu za matanga. Nikaona nimefanya jambo la maana.

Kufika saa sita, kitufe ni cha buluu. Nikakirudisha chekundu. Akakirudisha cha buluu. Chekundu. Buluu. Alasiri Madam Akyaamaa mwenyewe akapiga simu kuuliza kama kitufe chake kinaumwa.

Tukasuluhishana. Sasa ni cha zambarau. Hakuna anayekipenda. Mistari yangu: kumi.

Nyumbani mama mkwe akauliza nimeshindaje chuoni. Nikasema nilipaka rangi. Akaniangalia viganja, akasema hata fundi rangi hurudi na rangi mikononi.

Jumatano, 13 Novemba

Ushindi!

Mama mkwe alikwenda kupanga matanga ya binamu yake, nikashinda nyumbani na mtoto. Mchana Nhyira akanilalia mgongoni. Mimi macho juu ya kompyuta, sifanyi kitu. Ndipo wazo likaja. Ghala haliulizi umefanya nini. Linauliza nani amegusa. Je, nikigusa kila mstari?

Barnieh huacha nafasi nne mwanzo wa mistari. Nani kasema nne? Mbili zinatosha. Nafasi ni nafasi. Nikaamuru kompyuta ipunguze kila mahali, mara moja, toka juu mpaka chini.

Programu ikagoma. Ikalalamika kwamba baadhi ya mistari imekaa vibaya. Hapa, Dufie, ujue jambo: katika lugha tunayoandikia, nafasi si pambo. Mstari uliosukumwa ndani huufuata ulio juu yake, kama mtoto wa mgongoni. Mama akienda sokoni, naye yuko sokoni. Mama akirudi mara kumi, naye mara kumi. Basi nikaipanga ile iliyolalamikiwa, mmoja mmoja, kwa jicho tu, huku nikimtikisa Nhyira asiamke. Ilipoacha kulalamika, nami nikaacha. Nikapeleka ghalani.

Ungeona! Pokuaa. Pokuaa. Pokuaa. Jina langu linateremka ukurasa mzima kama manyunyu. Barnieh amebaki kwenye mistari michache tu isiyokuwa na nafasi mwanzoni.

Tumekula madonge ya kenkey kwa samaki na pilipili ya shito, mimi na mwanangu. Yeye samaki tu. Nimemwambia mama yake ni mhandisi. Akacheua.

Alhamisi, 14 Novemba

Barnieh amekuja mpaka nyumbani. Kwa miguu yake! Bila vile vya masikioni. Sikuwahi kuyaona masikio yake. Madogo.

Alianza kufoka akiwa bado nje ya geti. Kwamba nimefagia uwanja wa watu, sasa nadai nimejenga nyumba. Kwamba mimi ni mwizi. Nikamjibu kwamba uwanja ulikuwa na takataka za nafasi mbili mbili zilizozidi, angenishukuru. Akasema kumbe hata aibu sina. Nikasema aibu niliiacha wodi ya wazazi.

Mama mkwe akatoka. Yeye akimwona mtu mlangoni, awe na hasira au ameleta zawadi, swali ni moja: umekula? Akamketisha. Akampa fufu na supu ya mbuzi. Ni vigumu kumtukana mtu huku umejaza fufu mdomoni, na fufu haitafunwi, unameza, kwa hiyo alijaribu. Hakuweza.

Aliponawa mikono akasema anarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Hapo nikasimama imara. Nikamkumbusha sheria aliyonifundisha mwenyewe: siku moja kabla ya kuonyesha kazi, kinachofanya kazi hakiguswi. Ni mwiko. Akanywea. Akasema basi ngoja aijaribu. Akaweka namba yake ya simu, akaagiza kiti kimoja. Ujumbe mmoja ukaingia, rambirambi nzuri kabisa. Programu ni nzima. Yeye hujaribu kwa kiti kimoja siku zote, ili asipoteze wakati.

Akaondoka akisema kesho Madam atajua nani ni nani.

Mama mkwe akasema kijana ana adabu, amemaliza bakuli. Kisha akauliza kwa nini ameniita mwizi. Nikasema ni neno la kihandisi.

Ijumaa, 15 Novemba

Sijui nianzie wapi. Mikono imechoka kuliko siku ya kufua.

Zamu yetu ikafika. Nimevaa gauni lisilo na maziwa begani, la pekee. Dokta Amponsem akasema hataki kuonyeshwa, anataka kutumia mwenyewe. Akaandika namba yake ya simu. Akaagiza viti mia tatu, akisema matanga ya shangazi yake mwaka jana yalikula hata zaidi ya hivyo. Akabonyeza zambarau.

Simu yake mezani ikatetemeka. Akasoma kwa sauti: Pokea rambirambi zetu, Mungu akutie nguvu. Darasa likasema amina.

Simu ikatetemeka tena. Pokea rambirambi zetu. Tena. Tena. Wa kwanza kucheka alikuwa wa safu ya nyuma. Tena. Simu ikaanza kutembea juu ya meza kama kaa, ikitetemeka na kutembea, mpaka ikafika ukingoni ikaanguka. Ikaendelea chini.

Madam akauliza ni nani hasa amemfia kiasi hiki.

Barnieh akakunja mikono. Akasema, kwa upole wa shetani, "Madam, soma jina lililo kando ya mstari." Akasoma. Pokuaa. Akasoma wa chini. Pokuaa. Akashuka, akashuka. Akasema naona kila kitu ni cha Pokuaa, basi Pokuaa atueleze.

Nikasogea. Nikaanza kusoma mistari ambayo nilikuwa nimeigusa yote na sijausoma hata mmoja. Polepole. Nyuma watu wananong'ona. Chini simu inanipa pole.

Halafu nikauona. Pale programu inapohesabu viti, kimoja baada ya kingine. Chini yake mstari wa kutuma ujumbe. Ulitakiwa kukaa nje, usubiri viti viishe. Mimi, kwa jicho langu la Jumatano, nilikuwa nimeusukuma ndani. Kiti kimoja, rambirambi moja. Viti mia tatu, rambirambi mia tatu. Nikaurudisha nje kwa kidole kimoja. Madam akajaza upya, akatumia namba ya Barnieh. Mia tatu. Ujumbe ukaingia mmoja. Tukasubiri. Mmoja tu.

Nikavuta pumzi ya mtu aliyeshinda.

Ndipo Madam akafungua siku za nyuma. Ghala halisahau, mdogo wangu! Sikujua. Nilidhani jina jipya hufuta la zamani, kumbe hulifunika tu. Chini ya jina langu, Barnieh yuko vilevile, wiki kwa wiki. Na juu yake, kwa wote kuona: Jumatano mchana, Pokuaa, nafasi. Nafasi. Nafasi. Darasa likavunjika kwa kicheko. Barnieh alicheka mpaka akaonyesha magego.

Madam akamgeukia. Akamuuliza kama yeye aliijaribu kabla ya kuileta. Akasema aliijaribu vizuri. Kwa viti vingapi? Akakohoa. Kimoja.

"Kumasi hii, Barnieh, nani anamzika mtu wake kwa kiti kimoja?"

Hapo nikacheka mimi. Peke yangu. Nikaacha.

Baadaye Madam akaniita pembeni. Alikuwa hafoki, ndiyo mbaya zaidi. Akasema mtu anayeweza kuuona mstari ule anaweza pia kuuandika, sasa kwa nini ninajisumbua hivi? Akanipa wiki moja. Niandike peke yangu sehemu ya kurudisha viti baada ya matanga, kwamba vimerudi vingapi na vya nani. Ila sharti: anataka kuona ghalani kazi ya kila siku, kidogo kidogo, kuanzia kesho. Akikuta nimeirundika yote siku moja, narudia mwaka.

Alipokuwa anatoka, simu yake bado inampa pole.

Jumamosi, 16 Novemba

Mji mzima umevaa nyeusi. Sisi tuko kwenye matanga ya binamu wa mama mkwe. Nimebeba maji, nimeosha sahani, nimepisha wazee viti. Viti vyenyewe vya Madam Akyaamaa, jina lake limepakwa rangi mgongoni, na kati yake vipo vya mtu mwingine vimejichanganya. Nikavitazama kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo kazi yangu yote, pale mbele yangu, imekaliwa na watu. Ningekuwa na daftari ningeandika.

Vipaza sauti vilipiga mpaka mbavu zikatikisika. Nhyira akalala kifuani mwangu katikati ya kelele zote hizo, mdomo wazi, jasho kichwani. Sikutaka ainuke kamwe.

Mama mkwe akaja. Amesikia ya chuoni, sijui kwa nani. Barnieh namshuku, maana wanasalimiana sasa. Akasema mwaka huu ni mwaka huu, yeye hana maneno mawili. Kisha akamchukua mtoto, akaniambia nile kabla wali haujaisha.

Ghalani leo: sikuandika kitu.

Jumapili, 17 Novemba

Leo pia: sikuandika kitu. Ibada ndefu, halafu nguo za matanga za nyumba nzima, kwa mkono.

Lakini usihuzunike. Kanisani, tukicheza kupeleka sadaka, wazo likanishukia, nikakosea hatua. Ghala linajuaje kazi imefanywa siku gani? Linaambiwa na kompyuta yako! Saa ya kompyuta ikisema Jumamosi, ghala linaandika Jumamosi. Halina macho. Basi nitatulia, Alhamisi nitaandika yote kwa mkupuo, na kila baada ya kipande nitageuza saa: hiki cha Jumamosi, hiki cha leo, hiki cha Jumatatu asubuhi. Madam atamwona mama mwenye bidii ya mchwa.

Tatizo ni kompyuta yangu. Nimeijaribu sasa hivi. Nikirudisha saa nyuma, inajirekebisha yenyewe kutoka mtandaoni. Mbea kabisa, kama Barnieh.

Kwa hiyo, ulivyouliza utegemee nini: bidii, Dufie. Bidii na uaminifu, hakuna njia ya mkato. Dereva anangoja. Ninachohitaji unitumie, basi la Jumanne tafadhali, isizidi hapo:

Shito ya Mama, chupa moja, ya samaki, si ya kamba.

Dawa ya kikohozi ya mtoto, ile ya chupa ya kahawia. Ile tamu anaitema.

Soksi za Nhyira, jozi mbili, ziwe kubwa kidogo.

Kitambaa kimoja cha kumbebea, kizito.

Na ile kompyuta ya zamani ya Mjomba Tawiah iliyo chini ya kitanda, ambayo saa yake haijawahi kusema kweli. Mwambie ni ya masomo. Usimruhusu aitengeneze.