Milimita za Mama Damari

Jumatatu, 12 Januari 2026
Jumamosi halmashauri ya kijiji, hapa jirani na Igowole, itaamua ukubwa wa kalavati la kupitisha maji chini ya barabara ya shule na kumteua katibu wa takwimu za mvua. Nafasi hiyo ni yangu. Nina shahada ya jiografia. Mshindani wangu, Mama Damari, ana daftari tu. Nimeliona leo. Miaka ishirini na mitatu ya kupima mvua, kila siku saa tatu asubuhi, hata siku aliyomzika mumewe. Nakiri kwa shingo upande: kazi adhimu. Mwenyekiti Zabron anasema wataalamu walilitumia kukadiria mvua za miaka thelathini ijayo. Nilimpongeza mbele ya watu. Si kawaida yangu.

Jumanne, 13 Januari
Mama Damari kaenda Mafinga kumwuguza dada yake. Kaniachia kipimamvua chake. Kimesimama peke yake uwanjani, mbuzi wanajikuna kwacho. Chombo cha sayansi! Nimekihamishia kwetu, ukutani, chini ya ukingo wa bati. Usalama kwanza.

Jumatano, 14 Januari
Mvua ya asubuhi. Milimita mia mbili na kumi! Nimeandika hotuba, kurasa kumi na moja: kalavati halifai, lijengwe daraja.

Jumamosi, 17 Januari
Kikaoni nilifika ukurasa wa nne wa hotuba. Mama Damari, aliyerejea jana, aliomba radhi kwa kunikatiza, akauliza: mwanangu msomi, mbona mtaro wa shule haukujaa, mvua hiyo ilikunyeshea wewe tu? Yusta muuza viazi akasema labda nayo ina shahada. Nikaulizwa kipimamvua kiko wapi. Nikajibu kwa fahari. Walicheka hadi Mwenyekiti akavua miwani. Nilikuwa nimepima maji ya bati la baba.
Kisha Mama Damari akafungua daftari. Zamani mvua kubwa ya siku moja ilikuja mara moja kwa mwaka. Sasa mara tatu, na makadirio yanasema zitaongezeka. Hakupaza sauti. Kalavati la mita moja likawa la mita mbili. Hakuna aliyepinga, hata mimi, ninayepinga kila kitu. Katibu: Mama Damari. Mimi msaidizi wake. Anasema mwandiko wangu unasomeka.

Jumatatu, 19 Januari
Jana nilikabidhiwa kipimajoto. Mama Damari alisisitiza kikae kivulini, pasipo jua wala mvua. Nimeitafakari kauli hiyo kwa kina. Nimekitundika jikoni, juu ya mafiga. Kivuli kamili. Leo saa tatu: nyuzi arobaini na nne. Namwandikia Mwenyekiti barua rasmi. Mufindi yetu ya baridi imekuwa Chunya ya joto.