Mama Kwenye Mfuko wa Saruji

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Nimeanza shule. Umri huu! Darasa la katuni zinazotembea, za kuchora kwa mkono, jioni, nyuma ya karakana ya seremala. Wanafunzi sita. Mwenye saruji kwenye kope ni mimi peke yangu.

Sababu naiandika hapa, nyumbani siisemi. Juzi binti yangu aliniuliza mama alikuwa anatembeaje. Ana miaka tisa. Mama yake tulimzika yeye ana mitatu. Anajua picha ya ukutani tu, na picha haitembei. Nikamwambia ngoja, nitakuonyesha. Jumamosi ya wiki ijayo darasa linaonyesha kazi kwa familia. Nimeshamwalika. Mdomo wangu huu!

Mwalimu ni msichana mwenye miwani. Kasema tuanze na mpira unaodunda. Nikamwambia sina shida na mpira, nina shida na mke wangu. Darasa likacheka. Mwanafunzi mmoja, Kinyozi, alicheka mpaka akashika meza. Nimemwekea kinyongo.

Jumatano, tarehe 5
Mpira wa Kinyozi unadunda. Ukigusa chini unabonyea, ukipaa unarefuka. Akapigiwa makofi. Wangu ulishuka, ukakaa. Mwalimu kasema mpira wangu hauna uzito. Mimi! Nabeba mifuko ya kilo hamsini tangu ujana, leo naambiwa sijui uzito.

Kafundisha pia: unachora mwanzo wa mwendo na mwisho wake, halafu unajaza katikati. Sekunde moja, michoro kumi na miwili. Kila karatasi iandikwe namba. Ya nini? Kuhesabu mpaka kumi na mbili najua.

Nimeamua. Mpira nauruka. Nachora mke wangu akitoka mlangoni na beseni, kwa nyuma. Mgongo hauna pua wala macho. Rahisi.

Karatasi je? Saiti mifuko mitupu ya saruji imejaa tele. Bure!

Alhamisi, tarehe 6
Karatasi ya mfuko ni nene. Unaiweka kwenye kioo chenye taa, mchoro wa chini huuoni. Nikafikiri. Nikapaka mafuta ya kupikia. Mwanga ukapita! Akili hiyo Kinyozi hana.

Ijumaa, tarehe 7
Penseli haishiki kwenye mafuta. Nimechora kwa mkaa. Mkaa umeshika kila kitu, na shati.

Jumamosi, tarehe 8
Panya. Wamekula mchoro wa tatu na wa nne. Wametafuna na beseni.

Jumapili, tarehe 9
Nimemwita shemeji, mdogo wa marehemu. Nikamwomba achukue beseni, atembee kutoka jikoni mpaka mlangoni mara kumi na mbili, mimi nikimwangalia kwa nyuma. Akauliza kama nina homa. Kisha akauliza polepole kama namtaka. Nikasema hapana, hata kidogo! Akakasirika zaidi.

Nikamweleza ni kwa ajili ya mtoto. Akachukua beseni, akatembea. Mara ya saba akasimama. Akasema shemeji, mbona huniambii nivute mguu? Dada alikuwa anavuta mguu wa kushoto. Umesahau?

Nilikuwa nimesahau. Miaka kumi na moja ya ndoa.

Akatembea akiuvuta. Alikuwa mke wangu kabisa. Mkaa ukanikatikia mkononi. Shemeji akaweka beseni chini, akaondoka bila kunywa chai.

Jumatano, tarehe 12
Mwalimu kaangalia kazi yangu. Kasema kuna kosa, mguu wa kushoto unachelewa. Nikamwambia si kosa, ni yeye. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Labda ni mafuta.

Akauliza uso uko wapi. Nikasema muda hautoshi. Kinyozi akasema nimletee picha ya marehemu, atanichorea uso, hataki kitu. Mke wangu achorwe na kinyozi! Nikamwambia ashughulike na mpira wake.

Jumamosi, tarehe 15
Nimefunga karatasi kwa waya wa saiti, zikawa kitabu. Ukumbi wote wa maonyesho ukanuka kama jiko. Binti akaketi mbele, nywele kachanwa na shemeji yangu. Akashika kitabu, akafyatua kurasa kwa kidole gumba.

Mama akatembea. Beseni kichwani, mguu wa kushoto nyuma kidogo. Kwenye mlango akashtuka, akaruka kama kakanyaga msumari: karatasi ya nane na ya tisa nilizipanga vibaya. Kisha akatoka.

Binti akafyatua tena. Na tena. Mara ya nne akaniuliza, baba, yeye anatoka tu? Harudi?

Nikamnyang'anya kitabu, nikafyatua kuanzia mwisho. Akarudi. Kinyumenyume, mgongo mbele, kama lori linaloegeshwa. Nikamwambia umeona, karudi!

Kinyozi hakucheka. Ningeomba acheke.

Binti akasema ndiyo, karudi. Lakini hanitazami.

Mwalimu kasema Jumatatu nije, tuanze upya na mpira, halafu atanifundisha uso.

Jumapili, tarehe 16
Binti kalala na kitabu chini ya mto. Shuka imelowa mafuta.

Nimesimama mbele ya picha ya ukutani tangu asubuhi. Uso huu naujua. Umekazwa, unamsubiri mpiga picha. Akigeuka ghafla ulikuwaje? Akiniona nimerudi kazini? Nafunga macho, nautafuta, unakuja huu huu wa ukutani.

Shemeji angenikumbusha. Simuulizi. Kinyozi angechora. Simtaki. Mpira? Siurudii ng'o.

Nimepata njia nyingine. Safari hii atarudi kwenye mvua, na mwavuli. Mwavuli kauinamisha mbele, upepo mkali. Anakuja moja kwa moja mpaka kwa mwanawe, na uso hauonekani. Nani atajua? Na mwavuli ni nusu mpira tu, huo siwezi kushindwa.

Kesho saiti tunamwaga zege, mifuko haitakosekana. Mafuta yamebaki robo chupa. Namba siandiki.