Kitufe Changu Chekundu

Jumatatu, 3 Machi
Tumeanza kurekodi albamu ya kwanza ya bendi yetu. Muziki wa roki tupu. Hatuna kampuni wala bosi, tuna shemeji. Ni kaka wa mke wangu, ndiye mwimbaji, na kila wimbo unamzunguka yeye. Mimi napiga gitaa la pili. Jana mamamkwe alisikiliza nyimbo za majaribio. Amemsikia mwanawe, ameisikia dramu, hata mwanawe akivuta pumzi amemsikia. Mimi hakunisikia! Jumamosi anakuja studio kusikiliza albamu. Safari hii atanisikia, atake asitake. Nimemwomba fundi mitambo anipandishe sauti. Akasema kistaarabu kwamba nitamfunika mwimbaji. Ndicho hasa ninachotaka.

Jumanne, 4 Machi
Nimepandisha sauti ya spika yangu kimyakimya wenzangu wakinywa chai. Balaa! Gitaa likaingia kwenye vipaza sauti vya dramu, kazi ya asubuhi nzima ikaharibika. Tumerudia yote. Mpiga dramu anadai hana mikono tena. Nimesingizia umeme.

Alhamisi, 6 Machi
Siku njema ajabu! Fundi ameniita pembeni, akanionyesha kitufe chekundu cha kuzungusha, mwisho kabisa wa mtambo wake wa kuchanganyia sauti. Akasema ni changu peke yangu, kinaongeza gitaa la pili, ila nisizidishe. Hatimaye mtu anayejua thamani ya msanii! Nikazungusha kidogo tu. Gitaa likajaa chumbani. Nikamuuliza mpiga dramu kama amesikia tofauti. Akasema amesikia sana, kisha akashikwa na kikohozi, akatoka nje. Apunguze maji baridi.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi anachanganya sauti, mimi nazungusha. Kufika wimbo wa nne nikamwonea shemeji huruma, nikajipunguza. Roho yangu nzuri itaniponza.

Jumamosi, 8 Machi
Mamamkwe amekuja. Tukamkalisha kwenye kiti cha fundi. Mimi mkono kwenye kitufe, nimezungusha mpaka kikagoma. Wimbo ulipoisha akampongeza mwanawe, machozi yanamlengalenga. Kisha akanigeukia, kwa upole kabisa: "Na wewe, mkwe wangu, umepiga wapi?"

Nikainama, eti nafunga kamba za viatu. Ndipo nikaona nyuma ya mtambo: waya wa kitufe changu unaning'inia, haujachomekwa popote! Fundi akawa anatazama dari. Baadaye akamwomba mama angoje kidogo. Akaanzisha wimbo upya, na katikati akaliondoa gitaa langu. Lo! Wimbo ukabaki mifupa. Shemeji akasikika kama mtu anayeimba bafuni. Mamamkwe akaacha kutikisa mguu.

"Mrudishe mkwe wangu," akasema. "Utamu wote ulikuwa hapo."

Nimelia mbele ya watu. Shemeji akanipa leso yake, akasema hajawahi kuthubutu kuimba bila mimi. Nimefurahi, jamani, nimefurahi sana.

Jumatatu, 10 Machi
Nimewahi studio kabla ya wenzangu. Ule waya bila shaka mfagiaji aliuchomoa Jumamosi asubuhi, maana Alhamisi nilijisikia kwa masikio yangu haya. Nimeuchomeka kwenye tundu la kwanza nililoliona, nikazungusha mpaka mwisho. Mtambo umetoa moshi mwembamba. Nguvu ya gitaa la pili hiyo!