Kulia Bila Sababu

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimepata kazi kambini Benaco! Shirika lina maswali ya kupima huzuni ya wakimbizi. Yako kwa Kiswahili, nami niyageuze Kinyarwanda. Nimemwambia daktari kwamba lugha hiyo nimeinyonya kwa mama. Kweli mama alinisemesha Kihangaza, lakini vinafanana! Muuguzi Francisca, wa kwetu Rulenge, kashauri mtu mwingine airudishe tafsiri yangu kwa Kiswahili, tuone kama maana imebaki. Wivu mtupu! Nimesema tutachelewa. Daktari kakubali. Mshindi mimi.

Jumatano, 8 Machi
Nimeuliza hema kwa hema. "Huwa unalia bila sababu?" Wote: hapana. Kambi nzima ina raha! Nimeomba cheo: Mkuu wa Tafsiri. Daktari kakuna kichwa tu.

Ijumaa, 10 Machi
Balaa. Kikundi cha faraja, cha watakaopatikana na huzuni, kimekosa mtu hata mmoja. Kila aliyeulizwa kaonekana mzima. Francisca kanivuta mpaka kwa Bibi Niragira, mzima kuliko wote kwa kipimo changu. Nikatoa shikamoo. Akaitika marahaba huku machozi yanamtiririka. Nikamuuliza mbona juzi alikana.
"Mwanangu, uliuliza kulia bila sababu. Wanangu watatu wamebaki njiani. Hiyo si sababu?"
Nikachochea moto wake hadi uji ukaiva. Kanipa mimi kikombe kikubwa. Mimi!

Jumatatu, 13 Machi
Daktari kampa kazi Keza, mwalimu wa hapa kambini. Yeye hatafsiri kwanza. Anakaa na akina mama, anawauliza huzuni wenyewe wanaiitaje. Wamemtajia agahinda, ile inayojikunja ndani isitake kutoka. Bibi Niragira kajibu ndiyo kabla swali halijaisha. Leo yumo kwenye kikundi, kashikana mikono na wenzake. Nilichungulia. Moshi uliniingia machoni. Francisca kasema hakukuwa na moto. Ana macho makali mno yule.

Jumanne, 14 Machi
Habari njema! Maswali yanapelekwa Nyantakara, kwa Wasukuma. Daktari kauliza nani anajua Kisukuma. Mkono wangu ulikuwa juu kabla ya wote. Francisca kajishika kiuno, kataka niseme neno. Nikamjibu kwa sauti: Mwangaluka! Daktari kafurahi.
Salamu ninayo. Yaliyobaki nitajazia Kihangaza.