Kuhusu Msumari wa Alhamisi na Mapipa Yanayojua Kusema

Ndugu Gunvor, Mkuu wa Idara ya Teknolojia Endelevu,

Salamu kutoka chumba cha taka. Mimi ni Guntis, Mlatvia, mzoa taka wa jengo lako, mwaka wa kumi na moja sasa. Shule niliiachia darasa la saba, kwa hiyo palipopinda upanyooshe mwenyewe.

Alhamisi Tuva Hallengren, mtafiti wako wa uzamivu, ataipigilia tasnifu yake ukutani kwa msumari, kama ilivyo desturi ya vyuo vya huku ili kila mtu aione, wiki tatu kabla ya kuitetea. Naomba uuzuie msumari huo, kwa sababu hizi:

1. Tasnifu inahusu mapipa yangu. Tuva amefunga kidude katika kila pipa, nacho hutuma habari kwenye simu pipa likijaa. Ukurasa wa 212 unasema mzoaji akifuata vidude, saa zake za kazi zinaweza kupunguzwa nusu. Mzoaji ni mimi. Nusu hiyo ndiyo inayolisha nyumba yangu kule Latvia.

2. Miaka minne alinifuata na daftari. Nilimfundisha kulijua pipa kwa kulipiga teke: likivuma lina nafasi, likinyamaza limejaa. Leo kitabuni naitwa Mshiriki wa 3. Nimemtafuta wa 1 na wa 2. Ni lifti na mashine ya kubana makaratasi.

3. Nilipomlalamikia wakati wa kahawa, alinisogezea andazi la mdalasini akasema, "Guntis, mzee wangu, bila wewe nisingekuwa na hata sura moja." Nikamwuliza, "Na ukishazipata zote, mimi nitabaki na nini?" Akakoroga kahawa ambayo haina sukari.

4. Umetangaza nafasi mpya ya uzamivu, miaka minne, yenye mshahara na likizo, ya kuchunguza jinsi wafanyakazi wanavyoipokea teknolojia endelevu. Naiomba mimi. Mnataka shahada ya pili, nami sina. Lakini huyo mwenye shahada atashuka huku kuniuliza, nitamjibu, ataandika. Mkiniajiri mimi nitajiuliza mwenyewe, na umeme wa lifti utakuwa umeokolewa. Kama huo si uendelevu, nieleweshe.

Basi ama msumari usigongwe, ama ukurasa wa 212 ung'olewe, ama nafasi niipate. Kazi yangu haikatiki nusu. Nikiondoka hapa kwa muda wa saa moja tu, jengo zima litanuka.

Wasalimie wote wa ghorofa ya nne, pamoja na yule anayetupa betri kwenye pipa la makaratasi. Namjua.

Ni mimi, mwenye heshima kwako na uchovu wa mgongo,
Guntis Ozolnieks

N.B. Barua hii nimeiandika tangu saa moja asubuhi hadi saa sita, muda wa kazi. Nimetoka kuyakagua mapipa sasa hivi: hakuna hata moja lililojaa. Tafadhali usimwambie Tuva, maana hadi Alhamisi bado anaweza kuongeza ukurasa.