Herufi Mbovu za Fundi wa Friji

Jumatatu, 3 Machi
Simu haijalia. Asubuhi nimeiangalia, ina chaji. Mchana nimeiangalia tena, mtandao upo. Nikamwomba Kinyozi wa mlango wa pili anipigie, niijaribu. Ikalia vizuri sana. Basi simu ni nzima, tatizo ni watu.

Kinyozi ana mtoto wa kiume aliye mbali, anayempigia kila jioni. Hupokea kwa spika, wateja wote wasikie. Leo kijana kamuuliza baba yake amekula nini. Kinyozi akajibu huku akinitazama mimi! Nikarudi karakanani nikafungua friji ambalo halina ubovu wowote.

Mimi nina binti. Anatengeneza matangazo na tovuti za wafanyabiashara huko mji mwingine. Zamani alikuwa anapiga kwa mama yake, mimi napata salamu mwishoni. Msalimie baba. Tangu mama yake atutoke, salamu hazina wa kuzileta.

Jioni, kwa kukosa cha kufanya, nimeingia kwenye tovuti ya karakana aliyonitengenezea. Nikakuta sehemu ya kubadilisha fonti, yaani mitindo ya herufi. Zipo nyingi ajabu. Nikachagua zile za kadi za harusi, zenye mikia ya kujikunja. Maridadi!

Jumanne, 4 Machi
Amepiga! Nilikuwa sijamaliza hata chai. Akauliza nani kaiharibu tovuti. Nikasema kidole kiliteleza.

Akanisomesha. Herufi za mapambo ni za mialiko. Mtu ambaye friji limemfia na nyama inaharibika hana muda wa kufumbua mikia, anataka kuona unafanya kazi gani na namba ya simu, basi. Fonti mbili zinatosha, moja ya kichwa na moja ya maelezo, na zisigombane. Alinikaripia sawasawa na marehemu mama yake. Raha iliyoje! Alipotaka kumaliza nikamuuliza tena habari ya mikia, ingawa nilikuwa nimeelewa. Akarudia yote.

Kisha akazirekebisha herufi mwenyewe akiwa hukohuko, akakata.

Nimekaa nikafikiri. Mimi ni fundi, mashine ikifanya kazi najua imefanyaje. Herufi zikiharibika, mtoto anapiga.

Jumatano, 5 Machi
Leo sikuteleza. Nimechagua herufi nyekundu zinazochuruzika kama damu. Sijui ni biashara gani duniani inazihitaji, lakini zipo.

Wa kwanza kufika alikuwa mama wa bucha, mteja wangu wa siku nyingi. Alikuwa amewatumia wenzake tovuti yangu ili kunipigia debe, nao wakamuuliza kama fundi wake anatengeneza friji au anaficha maiti humo ndani. Akasema amenivumilia mengi ila hili hapana. Jokofu lake amelipeleka kwingine. Imeniuma.

Lakini mchana simu ikalia! Binti alicheka mpaka akapaliwa. Halafu akaniuliza kama nimekula. Nikatoka nje haraka, nikasimama mlangoni kwa Kinyozi na kujibu kama ninahutubia, ndiyo mwanangu, nimekula, nimeshiba. Kinyozi alikuwa amewasha mashine ya kunyolea. Hakusikia hata neno.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefanya kazi kubwa. Kila mstari na fonti yake. Maneno ya njano juu ya nyeupe. Namba ya simu nimeiweka kwa herufi nyembamba kama uzi. Hata mimi mwenyewe siioni. Leo ataongea nami mpaka chaji iishe.

Mchana kimya. Jioni Kinyozi kapigiwa yeye. Nimelala na simu mkononi.

Jumamosi, 8 Machi
Amepiga. Hakucheka.

Kumbe tovuti yangu ndiyo ya kwanza katika kazi anazowaonyesha wateja wake. Jana alikuwa na mwenye maduka makubwa ya mikate. Mama huyo akaifungua mbele yake, akaitazama, akafunga kompyuta polepole. Kazi imekwenda kwa mtu mwingine. Binti alikuwa ameitafuta kazi hiyo kwa miezi.

Aliyaeleza hayo taratibu, bila hasira. Ningependelea hasira. Kisha akauliza, "Baba, unataka nini hasa?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi tu. Nikasema nilitaka kujua kama njano inasomeka.

 Nilimsikia akivuta pumzi. "Ukitaka kuongea na mimi, nipigie tu, baba. Si lazima uharibu kitu."

Nikamwambia sawa, mama. Akasema amebadilisha neno la siri, kuanzia sasa tovuti ataishika mwenyewe. Nisihangaike tena.

Jumatatu, 10 Machi
Tovuti imenyooka. Herufi nyeusi, nene kiasi, nimezisoma bila miwani. Mama wa bucha amelirudisha jokofu na kuniambia sasa nimerudiwa na akili. Simu inalia mchana kutwa. Kila ikilia naruka. Kila mara ni friji.

Sijawahi kuwa na kazi nyingi hivi. Wala sijawahi kuchukia mlio wa simu hivi.

Jumanne, 11 Machi
Nimempigia mimi mwenyewe, kama alivyosema. Nilijizoeza kwanza mbele ya friji la mama wa bucha. Nimekukumbuka, mwanangu. Maneno mepesi kabisa.

Akapokea papo hapo. "Baba, kuna nini?"

Yote yakayeyuka. Nikajikuta nasema kibao cha nje, herufi zimebanduka, hakisomeki tena. Akasema pole, nikipige picha nimtumie, ataitazama baada ya kazi, kisha jioni atanipigia tuzungumze.

Jioni atanipigia!

Ila kibao hakina tatizo lolote. Alikiandika yeye mwenyewe likizo yake ya mwisho ya shule, mama yake akimshikia ngazi. Mpaka leo hakuna herufi iliyopauka, na picha inatakiwa kabla ya jioni.

Nimechukua kisu cha kukwangulia rangi. Kinyozi ametoka kuniuliza kibao kina kosa gani. Nimemwomba anishikie ngazi.